Siku saba nyuma ya sentensi moja: Vanga hadi Tarakea

Kila mwaka nikifika kwenye mgawanyo wa Afrika, lazima mkono mmoja uinuke dawati la nyuma. "Mwalimu, ni kweli Malkia Victoria alimpa mjukuu wake Kilimanjaro siku ya kuzaliwa?" Aliyeuliza mwaka huu aliongeza kwamba babu yake ndiye aliyemsimulia, kwa hiyo nikikataa nimemkatalia babu. Nikamjibu kwa tarehe. Mpaka unaouzunguka mlima ulikubaliwa London kwa barua za tarehe 29 Oktoba na 1 Novemba 1886. Wilhelm, mjukuu wa Victoria, alizaliwa Januari, na mwaka ule hakuwa Kaiser, yaani mfalme wa Ujerumani, bado. Kaiser alikuwa babu yake, naye alizaliwa Machi. Sasa keki ya Novemba ni ya nani?

Darasa likacheka, mimi nikabaki na deni. Kama haikuwa zawadi, ilikuwa nini? Ilikuwa kazi ya watu wa mezani. Upande mmoja Sir Percy Anderson, aliyeingia Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza mwaka 1852 akapanda hadi kuongoza idara ya Afrika. Upande wa pili Dkt. Friedrich Krauel, msimamizi wa mambo ya makoloni katika wizara ya Ujerumani, aliyevuka bahari Oktoba ile kwenda kujadiliana naye. Barua zilitiwa saini na wakubwa wao, balozi na waziri, lakini maneno waliyapima hawa. Na mpaka wote, kutoka bahari hadi ziwa Victoria, waliuingiza katika sentensi moja. Niliifasiri daftarini hivi:

"Mstari unaanzia mlango wa mto Wanga au Umbe, unakwenda moja kwa moja hadi ziwa Jipe, unapita upande wake wa mashariki na kulizunguka kaskazini, unavuka mto Lumi, kisha unapita katikati ya nchi ya Taveta na ya Chagga, unafuata shina la Kilimanjaro upande wa kaskazini, na kutoka hapo unanyooka hadi ukingo wa mashariki wa Victoria Nyanza, pale latitudo ya 1 kusini inapoukata."

Likizo ya Desemba 2024 nikaamua kuifuata mpaka mahali ambapo mfuko utagoma. Nimeandika haya nikiwa nimerudi Tanga, kwa msaada wa picha za simu na daftari lililolowa kurasa kumi za mwanzo. Sababu ya kulowa mtaiona sasa hivi.

SIKU YA 1, Jumamosi 14 Desemba: Tanga – Horohoro – Vanga

Hiace ya Horohoro haiondoki kwa saa, inaondoka kwa kujaa. Nilikaa saa nzima na robo nimekumbatia begi, konda akiapa kwamba amebaki mtu mmoja tu. Huyo mmoja alifika mara nne. Nauli Tsh 5,000. Lami ni safi mwanzo hadi mwisho: Amboni, mikonge, Duga, mikonge tena, na saa nne asubuhi tukawa mpakani.

Kwa anayekuja nyuma yangu: Horohoro na Lunga Lunga ni kituo cha pamoja. Mihuri yote miwili unagongewa kwenye jengo la nchi unayoingia. Usipange foleni upande unaotoka kama nilivyofanya mimi, dakika arobaini nyuma ya lori la vitunguu, mpaka mlinzi akanihurumia. Beba kadi ya homa ya manjano hata kama jirani yako hakuulizwa. Fedha badilisha ya kutosha siku mbili tu. Wale vijana wa mpakani walinipa shilingi moja ya Kenya kwa kumi na tisa zetu, na mjini nilipata afadhali kidogo.

Lunga Lunga nilikunywa chai ya maziwa na mahamri kwa mbaazi, Ksh 120, mbaazi zimekolea tui hadi nikaomba bakuli la pili. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Boda wa Vanga alitazama viatu vyangu, akatazama mawingu, akasema Ksh 400. Sikubishana, nami nilikuwa sawa kutobishana, kwa sababu baada ya nusu safari tulilala wote watatu kwenye tope: yeye, mimi na pikipiki. Hakuna aliyeumia. Begi likatumbukia kwenye dimbwi, na daftari lilikuwa mfuko wa nje.

Kijana wa watu alisikitika kuliko mimi. Alipojua sina mahali pa kulala, alinipeleka moja kwa moja kwa shangazi yake. Shangazi hakuuliza natoka wapi wala nakwenda wapi kabla ya kunipa maji ya kuoga na kuanika daftari langu juu ya ungo, karibu na jiko la makaa, akilifunua ukurasa mmoja mmoja kwa mwiko. Usiku tukala changu wa kupaka na wali wa nazi. Ukitaka kushukuru kwenye nyumba kama hizi usitoe noti, utamvunjia mtu heshima yake. Nenda dukani ununue sukari kilo mbili na majani ya chai, uweke mlangoni bila hotuba.

SIKU YA 2, Jumapili 15 Desemba: Ras Jimbo, au tuseme tope la Ras Jimbo

Vanga ndiyo "Wanga" ya sentensi. Mto Umba unatoka milima ya Usambara, kwetu, unavuka kuingia Kenya na kumwagika baharini jirani na mji huu. Ukisoma maneno ya 1886 mpaka ungeanzia hapa mlangoni mwa mto. Hauanzii hapa. Mwaka 1892 walikuja wapimaji, balozi mdogo wa Uingereza aitwaye Charles Stewart Smith pamoja na Carl Peters wa Ujerumani, na makubaliano yaliyofungwa Berlin Julai 1893 yakauanzisha mpaka Ras Jimbo, kusini kidogo, mto na mji vikabaki upande wa Waingereza. Kwa hiyo neno la kwanza la sentensi yangu lilishahama kabla wino haujatimiza miaka saba.

Nilitaka kuiona hiyo Ras. Mwenye boti ndogo ya mashine alikubali Ksh 1,500 kwenda na kurudi, akaniambia tuwahi saa moja, leo mwezi mpevu, ni bamvua. Mimi mtoto wa Tanga nilielewa neno, kwamba maji yatajaa na kupwa kupita kawaida, lakini sikulisikiliza. Tukaondoka saa mbili na robo kwa sababu yangu, nilikuwa nasubiri chapati.

Njia ya kwenda ni vijito ndani ya mikoko, na nahodha aliitaja miti kama anayesoma majina ya darasa: mkoko, muia, mkandaa, mchu, na mlilana peke yake mbele baharini. Watu wa Vanga, Jimbo na Kiwegu wana mradi wa kuitunza hii mikoko na kuuza hewa ya ukaa, na ukitazama unaona palipopandwa, miche imesimama mistari. Upande wa pili wa maji alininyooshea kidole: "Ile kule Jasini, kwenu." Pale Januari 1915 Wajerumani na Waingereza walipigana siku mbili, kati ya mikonge na mikoko. Leo kulikuwa na mtu mmoja anatengeneza wavu.

Tulifika, nikapiga picha. Ni ncha ya ardhi yenye vichaka, mchanga wa kijivu, hakuna bango. Maji yalikuwa yamepwa mbali sana, na mwanzo wa mpaka wa nchi mbili ulikuwa umelala kwenye matope mita mia mbili tatu mbele yetu, umejaa kaa. Nilipogeuka, nahodha alikuwa ameshika kiuno. Boti imekaa juu ya tope.

Tulikwama kuanzia saa tatu na nusu hadi saa nane mchana. Hakuna cha kufanya bahari ikikukatalia. Nahodha akalala chini ya boti yake mwenyewe. Vijana wawili wavua kaa walipita na vijiti vyao vya kulabu, wakacheka kwa adabu, wakakaa na sisi kivulini. Walikuwa na muhogo wa kuchemsha kwenye mfuko wa plastiki, wakaugawa sehemu nne bila kuulizana. Mmoja alikuwa na ndugu wa baba mmoja Jasini na mama yao mkubwa Moa. Nikamuuliza anavukaje. "Kwa miguu maji yakipwa, kwa mtumbwi yakijaa."

Jioni shangazi alimwita mzee jirani aje azungumze na mwalimu. Nikamwamkia, akanikalisha barazani. Yeye alipokuwa mtoto, alisema, bendera ya hapa ilikuwa nyekundu, ya Sultani wa Unguja. Na ndivyo: yale makubaliano ya 1886 yalimwachia Sultan Barghash visiwa na ukanda wa pwani wa maili 10, naye akakubali Desemba ile kwa kuwa hakuwa na namna. Kwetu Tanga ukanda ule Wajerumani waliununua kwa marki milioni 4. Huku Waingereza wakaukodi, kodi ikalipwa Unguja kila mwaka, na haukuingia rasmi Kenya mpaka 1963. "Kwa hiyo mimi," mzee akasema, "nimezaliwa nchi ya Sultani, nikaoa Kenya, na mke nikamtoa Tanganyika. Wewe uliyesoma, niambie mimi wa wapi?" Nikasema wa Vanga. Akasema hilo hata mbuzi wake analijua.

SIKU YA 3, Jumatatu 16 Desemba: Vanga – Mombasa

Siku ya kukaa kwenye gari. Sentensi inasema mstari unakwenda "moja kwa moja hadi ziwa Jipe", na ni kweli, umenyooka kama uzi. Tatizo ni kwamba hakuna gari linalonyooka nao. Huko ni nyika, kisha mbuga ya Mkomazi upande wetu na Tsavo upande wao. Binadamu anazunguka. Lunga Lunga hadi Likoni matatu Ksh 450, feri bure kwa waendao kwa miguu, Mombasa chumba Ksh 1,300 karibu na kituo cha mabasi, mbu ni bure pia.

SIKU YA 4, Jumanne 17 Desemba: Mombasa – Voi – Taveta

Hadi Voi hakuna la kusimulia. Voi nikabadilisha gari, Ksh 500 hadi Taveta, njia ya Mwatate na Bura. Hii barabara zamani ilikuwa vumbi jekundu tupu, leo ni lami nzuri inayokata Tsavo Magharibi, na ndovu wa kule kweli ni wekundu, udongo umewapaka.

Tukiwa tumeipita Maktau, tairi la nyuma likapasuka. Dereva akateremsha la akiba, nalo halina upepo. Abiria kumi na wanne tukasimama kando ya njia saa sita mchana, bila mti, mbugani. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akamwambia dereva maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, wanafunzi wangu wanasoma.

Aliyetuokoa ni lori tupu linalokwenda Taveta kupakia ndizi. Dereva alimpandisha mama na mtoto mbele, sisi tukapanda nyuma juu ya majani makavu ya migomba, akalichukua na lile tairi bovu likajazwe upepo. Tulipofika nikatoa Ksh 300. Akairudisha noti mfukoni mwangu kwa vidole viwili, kama mtu anayerudisha kitu kilichoanguka. "Lori lilikuwa linakuja tu, mwalimu. Hukuongeza mafuta."

Njiani tulikipita kilima cha Salaita. Tarehe 12 Februari 1916 majeshi ya Waingereza yalijaribu kuwaondoa Wajerumani pale yakashindwa. Nilikiona kwa sekunde kama ishirini kati ya mabega ya watu wawili.

Taveta, chumba Ksh 1,000, maji ya moto kwa ndoo ukiagiza mapema. Mama mwenye nyumba ndiye pia mpishi: ndizi za kupika na maharage, Ksh 200, sahani haiishi.

SIKU YA 5, Jumatano 18 Desemba: ziwa Jipe

Boda kwenda na kurudi Ksh 1,500, ukitaka akusubiri elewaneni kabisa kabla hajawasha. Njia ni ya vumbi na mashimo, zaidi ya saa moja, unapita mashamba ya mkonge kisha vichaka.

Jipe si ziwa la kukaribia popote unapotaka. Mafunjo na matete yameliziba pembeni hivi kwamba unalisikia kabla ya kuliona: ndege, na kukoroma kwa viboko. Ng'ambo ya maji inasimama milima ya Upare, ya kijani kibichi iliyokolea, karibu mno hata nikaona moshi wa jiko la mtu. Upande wa kaskazini ndiko mto Lumi unakoingia na maji ya Kilimanjaro.

Hapa nililitoa daftari. Maneno ya 1886 yanaupitisha mstari ukingo wa mashariki na kuzunguka kaskazini, maana yake maji yote yawe ya Mjerumani na Mwingereza abaki na kiu ukingoni. Ramani ya leo inalikata ziwa. Nikamwonyesha mvuvi aliyekuwa anatungua samaki kwenye nyavu, nikamsomea. Alisikiliza hadi mwisho. "Aliyeandika alikuwa na mtumbwi?" Nikasema hapana, alikuwa na ofisi London. Akaendelea na samaki wake. Baadaye, kama aliyekuwa bado anaifikiria, akasema wao mpaka wanaouheshimu ni wa viboko, maana huo ukiuvuka hawakuandikii barua.

Nilirudi na samaki wawili wabichi kwa ajili ya mama mwenye nyumba. Alipowakaanga aliniuliza baada ya Taveta nakwenda wapi. Nikasema Holili, Marangu, Rombo, Tarakea. Akaweka mwiko chini.

"Tarakea? Mwalimu, Mungu amekuleta. Utanibebea hii mzigo."

Mzigo ni ndoo ya lita kumi yenye kifuniko, imejaa samaki wakavu wa Jipe. Dada yake aliolewa Tarakea miaka mingi, na kila Krismasi hupelekewa samaki, ila mwaka huu mbebaji ameugua. Ningesemaje hapana, na samaki wangu bado yuko kikaangoni?

SIKU YA 6, Alhamisi 19 Desemba: "katikati ya Taveta na Chagga"

Maneno haya ndiyo hasa yaliyonitoa nyumbani. Ukichukua ramani ukaweka rula kutoka Vanga hadi pale mpaka unapoligusa ziwa Victoria, rula inapita karibu na Moshi mjini. Kibo na Mawenzi, vilele vya mlima, vinabaki kaskazini ya rula, yaani Kenya. Hilo pindo linalouacha mlima kwetu halikuandikwa kwa mapenzi ya bibi kwa mjukuu. Mwaka 1884 Mwingereza Harry Johnston alifika Kilimanjaro kwa jina la utafiti wa mimea na wanyama, akaondoka na makubaliano ya ardhi Taveta. Mwaka uliofuata Karl Jühlke, mtu wa Peters, akaandikiana mkataba na Mangi, yaani mtawala wa Kichaga, Rindi wa Moshi. Anderson na Krauel walipokaa mezani kila mmoja alikuwa na karatasi yake. Wakagawana kwa karatasi: mwenye ya Taveta achukue Taveta, mwenye ya Moshi achukue mlima, mstari upite katikati. John Kirk, mwakilishi wa Uingereza aliyeishi Unguja tangu 1866 na kuijua pwani hii kama bustani yake, alikuwa London wakati huo, na kwa miaka mingi alikuwa amemshawishi Barghash awaamini Waingereza. Sijui usiku ule alilalaje.

Basi hiyo "katikati" nikaivuka kwa boda, Ksh 100, nimepakata ndoo. Ni kilometa chache tu. Migomba ya Taveta inaisha, unakuja uwanda mkavu wenye miiba na mbuzi, halafu unaanza kuona majengo ya kituo. Nilimwomba dereva asimame pale pakavu. Hakuna alama yoyote upande wa barabara, ni ardhi ambayo haikuwa na mwenyewe wa kuigombania, na ukigeuka kulia unauona mlima wote, theluji imebaki viraka. Ziwa Chala liko upande huo huo, na mpaka unalikata pia, lakini kwa harufu niliyokuwa nayo sikuona busara kwenda kutembea.

Holili ni kituo cha pamoja kama Horohoro, na safari hii nilikwenda jengo sahihi. Ofisa akaniuliza kuna nini kwenye ndoo. Nikafungua. Akafunga yeye mwenyewe, haraka. "Ni za nyumbani?" Nikasema ni za dada wa mtu. Akasema basi dada wa mtu asichelewe kuzipika. Ukibeba vyakula kidogo vya nyumbani sema kweli na ufungue mwenyewe kabla hujaambiwa.

Sasa onyo kubwa la safari hii yote. Usipange kupita Himo wiki ya Krismasi. Kila Mchaga mwenye gari, na asiye nalo, anapanda kwao. Magari ya Dar yalikuwa yamejipanga njia panda hadi sikuona mwisho, juu ya paa magodoro, masofa, na mbuzi mmoja aliyetulia kuliko abiria. Nilisubiri Hiace ya Marangu saa mbili unusu. Nauli iliyokuwa elfu mbili imekuwa nne, na konda alipolalamikiwa akajibu, "Hata nyama imepanda." Nilipata kiti kwa sababu ya ndoo: abiria aliyekuwa jirani yake aliamua kusubiri gari jingine.

Marangu nililala kwa Tsh 25,000, baridi, blanketi mbili, na mtori wa moto uliokuwa kitu kizuri kuliko vyote nilivyokula siku saba. Mwenye hoteli, mzee wa makamo, alikuja kukaa mezani. Tuliongea habari za Peters. Yule yule aliyetumwa 1892 kupima mpaka kutoka pwani ndiye aliyekuwa kamishna wa Kilimanjaro, na kituo chake kilikuwa huku, katika nchi ya Mangi Marealle. Peters alimnyonga mtumishi wake Mabruk Oktoba 1891, na Januari 1892 akamnyonga Jagodja, msichana aliyekuwa amemweka nyumbani kwake. Alifukuzwa kazi baada ya miaka mitano, 1897. Mzee hakuongeza neno. Alinyanyuka akaniletea kahawa ambayo sikuiagiza, na kwenye hesabu ya asubuhi haikuwemo.

SIKU YA 7, Ijumaa 20 Desemba: Marangu – Rombo – Tarakea

Barabara ya Rombo ni lami inayopanda na kushuka kwenye mabonde kama mkanda uliotupwa. Mkuu, Usseri, makanisa, migomba, makaburi yenye vigae mbele ya nyumba. Hiace Tsh 5,000 kwa bei ya sikukuu. Kila kituo mtu anashuka na familia inamlaki, na sisi tuliobaki tunasubiri wamalize kukumbatiana. Kulia, chini kabisa, nchi inageuka kuwa nyika ya kahawia: hiyo ni Kenya. Ajabu ni kwamba kule chini nako kuna Rombo, ya Kajiado, kwenye ardhi ya Wamaasai. Jina moja pande mbili za mstari.

Tarakea ni mji wa biashara, ng'ambo yake ni Illasit, na shilingi za aina zote mbili zinazunguka kwenye droo moja. Nilimuulizia dada wa mtu kwa jina la mume wake. Mtoto wa miaka kama tisa akanusa ndoo, akasema, "Ni ya shangazi," akaniongoza.

Alinipokea kama niliyechelewa. Akapima ndoo kwa mkono, akafungua, akahesabu kwa macho. "Mwaka jana ilijaa mpaka hapa." Akanionyesha kwa kidole. Nikaapa sikula hata mmoja. Akacheka sana, jamani pole na safari, kaa, ule. Nikapewa ndizi na nyama na kikombe cha mbege, pombe ya ndizi, nilichokishika kwa heshima tu.

Nilipomweleza kilichonileta, hakuona ajabu. "Wewe unatafuta kigingi cha mpaka? Njoo." Tukapita nyuma ya nyumba za jirani, tukashuka kwenye mashamba ya mahindi na maharage, mwendo wa robo saa. Kilikuwa nguzo fupi ya zege, nyeupe zamani, namba yake imefutika nusu. Upande mmoja wa juu kilikuwa na mfereji laini, umeng'aa kama kiti cha baiskeli. Nikadhani ni kasoro ya zege. Dada akachukua panga la kijana aliyekuwa anapalilia, akalipitisha pale mara mbili tatu, taratibu. Lilikaa mle mferejini kama lililochongewa.

"Mawe ya huku yanavunjika," akasema. "Hili halivunjiki."

Kijana akalipokea panga lake, akarudi kupalilia. Mistari yake ya maharage ilianza nchi moja ikaishia nyingine. Mbele yetu ardhi ilishuka hadi uwanda wa Amboseli, mweupe kwa jua. Hapo ndipo sentensi inapoacha kuuzunguka mlima na "kunyooka" kuelekea Victoria, na sehemu hiyo haikupimwa chini hadi 1904 mpaka 1906, Anderson akiwa amefariki tangu 1896. Mfuko wangu ulikuwa na Tsh 61,000. Nikafunga daftari.

Kurudi ni rahisi: wiki hiyo mabasi yanapanda yamejaa na kushuka matupu. Nilipatana hadi Tanga kwa bei ya chini kuliko ya kawaida, nikalala kwenye viti vitatu. Anayetaka kusafiri bila kubanana ashuke wakati wengine wanapanda.

Ila asubuhi ile, nikiwa mlangoni na begi, dada alinikimbilia na ile ndoo, imeoshwa, imekaushwa, ina mkungu mdogo wa ndizi ndani. Ndizi zangu. Ndoo ni ya dada yake, nimrudishie. Nikamweleza kwamba sipiti tena Taveta, nashuka Moshi, Same, Tanga. Akasema haidhuru, nikipita.

Ipo jikoni kwangu, ya bluu, kifuniko chake kizima. Kama kuna msomaji anayekwenda Taveta kabla ya Pasaka, aniambie.